Udongo wa Owino Uhuru

Upande wa Mikindani, mjini Mombasa, kuna mtaa wa mafukara uitwao Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000, ambao tangu 2007 hata 2014 walikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo 2009, aliijua hatari yake pale mwanawe mchanga alipougua, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina madini ya risasi.

Madini hayo hayaozi. Mama afagiapo ua wake alfajiri, vumbi liinukalo huyabeba. Mtoto atambaaye huyapata vidoleni akayatia kinywani, na mwili wake, ukiyadhania kuwa kalsiamu, huyaweka akiba mifupani, hata msichana aliyeyahifadhi hivyo aweza siku moja, akichukua mimba, kumrithisha mwana ambaye hajazaliwa.

Husemwa kwamba viwanda hufuata ardhi rahisi. Siikubali hoja hiyo, kwani ardhi ya mahali kama hapo huwa rahisi kwa sababu waikaliao hawana hati, na asiye na hati aghalabu haulizwi rai yake kibali kinapotolewa. Wala sidhani kama yupo ambaye angalithubutu kuyeyusha betri katika mtaa wa kitajiri wa Nyali. Walakini Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, bila ya kumtaka hati ya shamba wala ya kiwanja.

Kwa msingi wa haki hiyo, tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru pia udongo na maji visafishwe katika muda wa miezi 4, ama zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha fidia Desemba 2024.

Tangu hapo mazungumzo yote ni ya bilioni, nami siwalaumu waliougua na kufiwa kwa kuidai haki yao. Lakini mimi naona udongo ndio deni la kwanza, kwa kuwa fedha hugawanywa mara moja, ilhali ua hufagiliwa kila siku. Na siku udongo huo utakapochimbwa na kupakiwa malorini, wakazi wa huko utakakopelekwa waulizwe kwanza, wawe na hati wasiwe nayo.