Likizo ya Mwanafunzi na Haki ya Mgonjwa

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, shule nyingi za sekondari nchini Marekani huwa zimefungwa. Baadhi ya wazazi hulipia programu za likizo za kuwaandaa watoto wao kwa chuo kikuu, na baadhi ya programu hizo huwaleta vijana wanaotamani udaktari katika hospitali za Afrika Mashariki.

Nia ya kujifunza ni njema. Hata hivyo, mzazi anapochagua programu, kabla ya kutazama ada na vyeti, yampasa aulize swali moja: mtoto wangu ataruhusiwa kufanya nini kando ya kitanda cha mgonjwa? Mwaka 2011, Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani ilitoa mwongozo kwa wanafunzi waendao nje, ikisisitiza kwamba kazi yao ya msingi ni kutazama. Programu inayomwahidi kijana wa miaka 17 kushona jeraha au kumzalisha mjamzito humzoesha kuuona mwili wa maskini kuwa mahali pa kujaribia mikono.

Muuguzi ana wajibu wa kumzuia mgeni asiye na sifa, hata kama mgeni huyo amelipa. Mgonjwa naye ana haki ya kuombwa ridhaa kwanza, na ya kukataa bila huduma yake kupungua. Kijana atakayetoka wodini kwa heshima baada ya kukataliwa atakuwa amejifunza jambo la kwanza la udaktari.