Kilomita Zile Zile, Saa Zimeongezeka

Leo nina hoja moja tu, hasa kwa sisi wa Ualimu tunaojiandaa kwenda kufundisha Jiografia. Naona tutawapunja wanafunzi tukiwaambia kwamba umbali ni rula na ramani ya ukutani, basi.

Chukueni Helsinki kule Finland, na Tokyo, Japani. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unakatiza Kazakhstan. Lakini dunia ni duara bwana! Chukua tufe, uvute uzi toka mji mmoja hadi mwingine, utaona unapanda juu hadi kaskazini mwa Siberia. Hiyo ndiyo njia fupi, kama kilomita 7,800 hivi, na ndege za Finnair zilikuwa zikiimaliza kwa saa 9 na ushee.

Ikaja Februari 2022. Urusi ikaivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ukazifungia anga ndege za Urusi, na Urusi nayo ikajibu vivyo hivyo. Viwanja viwili havijasogea hata hatua moja, ila safari ya kwenda Tokyo ikawa kama saa 13, maana ndege ililazimika kuzungukia Ncha ya Kaskazini. Abiria wakawa wanapewa hadi vyeti vya kupita huko! Cheti kizuri, sawa, lakini mafuta ya zaidi ya saa tatu za nyongeza si mchezo, na mtu lazima ayalipie.

Na msidhani ni jambo jipya. Mwaka 1983 Finnair hao hao walianza kwenda Tokyo bila kutua njiani, kwa ndege ya DC-10, wakipitia Ncha hiyo hiyo, kwa sababu Wasovieti hawakuwaruhusu kukatiza Siberia. Karibu miaka 40 baadaye, kule kule. Wakati huo huo mashirika ya China yakaendelea kupita anga la Urusi kama kawaida. Yaani anga ni moja, wengine wanakata njia, wengine wanazunguka.

Najua kuna watakaosema silabasi ni ndefu na mtihani unauliza hesabu za longitudo tu. Sikatai, hesabu zifundishwe. Lakini mwanafunzi akiishia hapo, atadhani njia zote zimepangwa na maumbile, wala hatauliza nani ameifunga na nani anaumia. Mbona nyumbani analijua hilo? Mvua ikibeba daraja, kijiji cha ng'ambo kinakuwa mbali ghafla, na hakuna aliyekihamisha.

Basi tukienda kufundisha, twende na mpira na uzi. Shule ikikosa tufe, mpira haukosekani. Tuwaulize watoto maswali mawili: njia fupi ni ipi, na kwa nini hawapiti hapo?

Nawasilisha. Wa kubisha karibuni, uwanja ni wenu.