Bibi harusi, mashine ya kahawa chukua ya mkono



Siku hizi kwenye orodha za vyombo vya bibi harusi, baada ya friji na blenda, inaingia mashine ya espreso. Mie sina ubaya nayo. Kahawa ni yetu: masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe kwenye dhikri. Ninalosema ni kuwa kama unaitaka, chukua ya mkono, ile isiyotumia umeme.

Sababu ya kwanza mnaijua. Hapa Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na mpaka leo umeme unakatika. Mashine ya mkono inataka maji ya moto kutoka jiko la gesi na nguvu zako tu. Unatia kahawa gramu 18, unamimina maji, unakandamiza mkono wake taratibu kwa sekunde 25 hadi 30, unapata kikombe kidogo cha gramu 36 hivi. Kunahitajika nguvu, kwa hiyo chagua yenye mkono mrefu na miguu mizito ya chuma, isiteleze mezani.

Ya pili, haina mengi ya kuharibika. Kama cherehani ya mguu, kinachochakaa mapema ni mpira. Muulize muuzaji, "Mpira wa akiba upo?" Akibabaika, ondoka.

Lakini pesa usizimalize kwenye mashine ukasahau kisagio cha kahawa. Kahawa ikiwa chenga, maji hupita mbio na kikombe kinakuwa chepesi, kichachu. Ikiwa unga mno, mkono haushuki. Kisagio kizuri ndiyo nusu ya kazi.

Mjue pia kuwa nyingi za aina hii hazina mvuke wa kutoa povu la maziwa. Pasha maziwa sufuriani, piga kwa mchapo, yatosha.

Na wewe ukiwa mtu wa chai, au nyumba yenu inakunywa kahawa ya dele na kashata, iondoe kwenye orodha. Baba au mjomba asikope kwa ajili ya chombo cha kupigiwa picha siku ya kutolewa vyombo, kisha kikae kabatini. Hiyo ni israfu, dada zangu, na deni lake watalilipa wengine wakati wewe umeshasahau hata kinavyotumika.