Kaske moja, mashini tatu: namna masikio ya studio yanadanganywa

Katika studio ya redio ya jamii, Kamina sawa na kwingine, kaske ndiyo hakimu wa mwisho. Fundi anaivaa, anasikiliza, anakata neno: sauti ya mutangazaji ipande, muziki ushuke, besi ipunguzwe. Kiisha habari inaondoka kwenda kwenye antena. Lakini kwa siku moja kaske ile ile inatembea kwenye mashini tatu. Asubuhi iko kwenye telefone ya mwandishi wa habari aliyetoka soko, muchana iko kwenye ordinatere ya kukata sauti, magaribi iko kwenye meza ya miksaji. Na kwa kila mashini inasema kitu kingine.

Hilo lingebaki jambo la mafundi peke yao kama pesa zingekuwa nyingi. Haziko. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 Julai mwaka ule ule USAID ikafunga kazi. Kwa Congo, redio nyingi za jamii zilikuwa zinaishi na miradi ya washiriki: emisio za afya, za uchaguzi, za amani. Mara nyingi vyombo vya studio vilikuja pamoja na mradi. Sasa kaske ikiharibika, redio inanunua yenyewe, na kwa Kamina vyombo vya namna hiyo vinatoka mbali, mara nyingi Lubumbashi, kwa treni ya SNCC ao kwa lori kwenye barabara ambayo kila mutu anaijua. Ukikosea kuchagua, utakaa na kosa lako miaka.

Na swali ambalo watu wanauliza, "kaske gani iko muzuri?", ni nusu ya swali. Nusu ingine ni: itachomekwa wapi?

Kwenye karatasi ya kaske za studio kunaandikwa namba ya ohm. Ohm inapima namna kaske inazuia umeme kupita. Kampuni ya Beyerdynamic, kwa mufano, inauzisha DT 770 Pro ya ohm 32, ya ohm 80 na ya ohm 250. Kwa macho ni kaske moja. Tuseme telefone inatoa nusu volti. Kwa ile ya ohm 32, hiyo inaleta karibu miliwati 8. Kwa ile ya ohm 250 inaleta miliwati 1 tu. Tofauti ni kama desibeli 9, na sikio linaisikia mara moja: ya kwanza inalia, ya pili inanong'ona.

Kaske ya ohm 250 si mbaya. Ilitengenezwa kwa mashini yenye nguvu, inayotoa volti nyingi. Hatari inaanza pale mwandishi wa habari yuko kwenye kelele, anasikia sauti ya chini ndani ya kaske, anafikiri ni mikro inakamata kidogo, na anapandisha kipimo cha kurekodi. Kaske haikubadilika sana, lakini rekodi imepasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna programu itairudisha vizuri. Ni kwa sababu hiyo Sony MDR-7506, kaske ya tangu 1991 yenye ohm 63 na inayolia kwa nguvu kidogo tu, inapendwa na watu wa kazi ya barabarani: telefone inaiweza, meza inaiweza.

Shida ya pili haionekane kirahisi, na ndiyo inaharibu kazi zaidi. Tundu la kaske kwenye mashini nalo lina ohm zake. Telefone nyingi za leo ziko na ohm kidogo sana pale, moja ao mbili. Meza za miksaji za bei ya chini, na zile za zamani, zinaweza kuwa na makumi, hata mia. Tena kaske yenyewe haina ohm zile zile kwa kila sauti. Kaske inayoitwa ya ohm 32 inaweza kupanda mpaka 64 kwenye besi.

Hesabu ni fupi. Kwenye tundu la ohm 1, kule kupanda kwa besi hakuleti kitu: ni kama sehemu moja ya kumi ya desibeli. Kwenye tundu la ohm 100, besi inaongezeka desibeli 4 na kitu. Haikuongezeka kwenye rekodi. Haikuongezeka hewani. Imeongezeka tu ndani ya masikio ya fundi.

Sasa tuangalie anachofanya. Kwenye meza anasikia mutangazaji anavuma sawa mutu anayesema ndani ya mutungi, basi anapunguza besi. Musikilizaji, na redio yake ndogo ambayo tangu zamani haina besi, anapata sauti nyembamba, ya bati. Kesho fundi ule ule anatayarisha emisio kwenye ordinatere, anasikia besi imepunguka, anairudisha kwa wingi. Kwa juma moja redio inakuwa na sauti mbili, wasikilizaji wanasema "ile poste yao imeharibika", na mkubwa wa redio anaanza kutafuta pesa ya emeteri wakati emeteri haina kosa.

Mafundi wana kanuni ya kukinga jambo hilo: ohm za tundu zisipite moja ya munane ya ohm za kaske. Ukiwa na meza ya zamani yenye ohm nyingi, kaske ya ohm 250 inakuwa rafiki, ile ile iliyonong'ona kwenye telefone. Ukiwa na telefone na ordinatere tu, sawa redio nyingi ndogo, kaunta inageuka: ya 32 mpaka 80 inatosha. Kununua kaske ya bei kali bila kuangalia meza ni kununua kiatu bila kupima muguu.

Kuna mitego ingine ambayo haina hesabu, ni ya vichwa vya waya tu. Kaske nyingi za studio zina kichwa kinene cha milimeta 6.35, na telefone inapokea cha 3.5. Katikati kunawekwa adapta. Adapta ikiwa imechoka, ao kichwa hakikuingia mpaka mwisho, waya ambayo pande mbili za kaske zinashirikiana inakatika, na kinachosikika ni tofauti ya kushoto na kuume. Mutangazaji, ambaye sauti yake iko sawa pande zote mbili, anapotea. Kunabaki mwangwi na muziki wa pembeni. Mara nyingi watu wanafungua ordinatere na kutafuta virusi, kumbe ni kichwa cha waya.

Mutego wa kinyume ni mubaya kuliko huo, maana ndani ya kaske kila kitu kinaonekana kizuri. Waya ya mikro ya studio inabeba sauti moja kwa nyuzi mbili, moja ikiwa kinyume cha ingine. Ukiichomeka kwenye tundu la stereo la rekoda ao la ordinatere, uzi mumoja unaenda kushoto, wa pili kuume. Kwenye kaske sauti inasikika pana, ya ajabu kidogo, lakini iko. Redio ndogo ya mono inajumlisha kushoto na kuume. Sauti na kinyume chake zinauana. Musikilizaji anapata kimya, ao mabaki ya sauti.

Hapo ndipo mambo ya ohm na waya yanaacha kuwa ya studio. Haut-Lomami ni jimbo la maji: kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, kwenye teritware za Bukama na Malemba-Nkulu, kolera inarudi na kurudi. Tangazo la kolera linatengenezwa kwa haraka, mara nyingi na sauti ya munganga iliyotumwa kwa WhatsApp, ambayo tayari imebanwa. Inapita kwenye telefone, kwenye ordinatere, kwenye meza, na pote panakuwa mutu mwenye kaske anayesema "iko sawa". Kama kaske imemudanganya mara tatu, familia inayosikiliza haitajua neno gani lilipotea.

Umeme nao unaingia ndani. Jenereta ao enveta ya bei ndogo inaleta muvumo, na chaja ya ordinatere inaongeza mulio wake. Kaske ya ohm chache, inayolia haraka, inasikilisha hata pumzi ya meza yenyewe, pumzi ambayo haiendi hewani kabisa. Kaske ya ohm nyingi inaificha, lakini inaweza kuficha pia muvumo ambao kweli unaenda hewani. Namna ya kutofautisha ni rahisi: shusha mikro zote na sauti zote za meza, acha kitufe cha kaske juu. Kelele ikibaki vile vile, ni ya tundu la kaske. Ikipotea, ilikuwa njiani kwenda kwa wasikilizaji.

Kaske za Bluetooth zinauzwa sasa kila soko. Kwa kusikiliza muziki nyumbani, sawa. Kwa kusema hewani hapana: sauti inachelewa, mutangazaji anajisikia nyuma yake mwenyewe na ulimi unajikwaa. Na AKG K240, inayojulikana sana kwenye studio, haikufungwa nyuma kabisa, basi sauti yake inavuja na kuingia kwenye mikro iliyo karibu. Ni ya chumba cha kukata sauti.

Redio ambayo haina hata dola moja ya kuongeza inaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, kuchagua mashini moja ambayo hukumu ya sauti itatoka, na kuweka pale rekodi moja inayojulikana, sauti ya mwanamuke na ya mwanaume, ya kusikiliza kabla ya kazi ili sikio likumbuke kipimo. Mashini zile zingine ni za kukamata makosa tu, si za kugusa besi. Pili, redio ndogo ya batri, ya mono, ikiwekwa kwenye koridoo inje ya studio, ikisikilizwa kwa spika yake bila kaske. Ndani ya studio itapiga larseni na mikro.

Ni vizuri zaidi kama redio hiyo iko mbali na antena, maana chini ya antena hata emeteri mbaya inasikika. Kibanda cha bukari karibu na gare kinafaa. Fundi akimupigia mama wa pale telefone kisha tangazo, asimuulize kama inasikika, juu kwa heshima atajibu ndiyo. Amuulize: "Mama, wamesema dawa ya maji inatolewa wapi?"