Simba wa Katuni Mbele ya Watoto wa Mamba

Sifa ya kuwa kazi ya kudumu hutolewa kwa urahisi mno. Filamu ikipendwa na watoto kwa msimu mmoja tu, tayari watu huiita hivyo. Sisi twaona kwamba kazi ya kudumu hupimwa kwa mambo matatu: huweza kusimuliwa pasipo picha zake, humwachia mtoto swali linalokua pamoja naye, na hata makosa yake hufundisha. Kwa vipimo hivyo, twaitetea filamu ya katuni iitwayo The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994.

Mwalimu mwanafunzi aweza kuuliza: filamu ya Marekani inawahusu nini watoto wa Mamba, mkoani Katavi? Jibu la kwanza limo katika majina. Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa na Shenzi ni maneno ya Kiswahili. Mazungumzo, hata hivyo, yalitungwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wetu husikia maneno ya nyumbani kwao katikati ya lugha asiyoielewa, naye humhitaji msimulizi. Msimulizi huyo hana budi kuwa mwalimu.

Kisa chenyewe chasimulika hata chini ya mwembe, mahali pasipo na umeme. Mfalme Mufasa auawa na nduguye, Scar. Mwanawe Simba aaminishwa kuwa kosa ni lake, akimbilia mbali, akulia kwa marafiki wasiojali lolote. Mwishowe arudi kukabili aliyoyakimbia. Wengi wamekifananisha na Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Lakini mtoto hahitaji kulijua hilo ndipo ashikwe na hadithi.

Pili, liko swali. Mtoto wa darasa la pili huuliza kama Simba atarudi. Yule wa darasa la sita yafaa aulizwe jambo zito zaidi: Simba alipokuwa akistarehe, nani aliumia? Nchi ilikauka, na simba jike waliendelea kuwinda kwa amri ya mtawala dhalimu. Aghalabu watu hukumbuka wimbo wa "hakuna matata" wakasahau kwamba filamu yenyewe yaukanusha. Raha ya kutojali ilikuwa maficho ya mtoto aliyejeruhiwa. Haikuwa njia ya maisha. Mwalimu anayeishia kwenye wimbo hajaifundisha filamu hii.

Tatu, yako makosa, na hapa ndipo Mamba inapokuwa darasa bora kuliko miji mingi. Kata hii iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kwa wafugaji wa sehemu kama hizi simba ni hatari kwa mifugo. Filamu yawachora fisi kama wezi na wajinga, tena kiongozi wao yaitwa Shenzi, neno ambalo kwetu ni tusi. Kumbe fisi madoa ni mwindaji hodari, na sehemu kubwa ya chakula chake hukipata kwa kuwinda mwenyewe. Jambo moja filamu imelipatia: Shenzi ni jike, na kwa kweli koo za fisi hao huongozwa na majike. Tena simba dume kwa kawaida hairithi himaya ya baba yake. Akishapevuka huliacha kundi alimozaliwa, akatafute makao kwingine.

Basi, ndugu walimu, msiyafiche makosa haya. Simulieni kisa kwanza, kwa Kiswahili safi. Panapo uwezekano, onesheni filamu baadaye. Kisha waulizeni watoto: ni lipi la kweli, na ni lipi la kubuniwa? Wapelekeni wakawaulize wazee wao kuhusu simba na fisi, warudi na majibu. Mtoto atakayesimama kuwasahihisha wachoraji wa Marekani kwa ujuzi wa kijiji chake amekwisha kuacha kuwa mtazamaji tu.

Hatusemi kwamba katuni zetu zikae kando. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, yafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nayo yastahili nafasi darasani. Lakini kazi inayoweza kusimuliwa, kuulizwa na kubishiwa, kizazi baada ya kizazi, tusiikatae kwa sababu ya mahali ilipochorwa. Ikipita kinywani mwa mwalimu mwema, nayo huwa ngano yetu.