Kamera ya Kwanza na Watu wa Nyumbani

Mkazi wa Kanama, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, akijaliwa kupata kamera yake ya kwanza ya maana, hakosi vitu vya kupiga picha. Ng'ambo ya mpaka volkano ya Nyiragongo imesimama na moshi wake. Bondeni mto Sebeya unakwenda zake Ziwa Kivu, na mashamba ya chai ya Pfunda yametandazwa kama mkeka mbichi. Basi aghalabu mwanafunzi huanza na milima. Wiki ya kwanza hupiga picha mia tatu za mawingu na volkano, wiki ya pili huzitazama na kuona zote zimefanana, na wiki ya tatu kamera hurudishwa mfukoni, ikangojea harusi ya binamu.

Si kosa kupenda milima. Lakini Karisimbi, yenye urefu wa mita 4,507, itakuwepo pale pale mwakani, na picha zake nzuri zimekwisha kupigwa na mafundi. Ambacho hakuna fundi aliyekipiga ni uso wa bibi mzaa mama akimenya viazi mbele ya mlango wake.

Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyofunguliwa Gisozi, Kigali, mwaka 2004, kuna chumba ambamo zimetundikwa picha za watu waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Zililetwa na jamaa zao. Nyingi ni picha za kawaida kabisa: za harusi, za vitambulisho, za mtu aliyesimama wima kwa aibu, mikono haijui pa kukaa. Waliozipiga hawakudhani kwamba siku moja kipande kile cha karatasi kingekuwa ndicho kilichobaki cha mtu mzima. Na ziko familia ambazo hazikubaki na picha hata moja, kwani nyumba zilichomwa pamoja na vilivyokuwamo. Ajifunzaye kupiga picha katika nchi hiyo hana budi kulijua jambo hili kabla ya kujua namba za lenzi.

Karibu na Kanama, mjini Gisenyi, kuna habari moja inayomfaa kila mwenye kamera mpya. Mnamo Desemba 1994 Bibi Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuwa mkulima kwa miaka mingi huko Mugongo chini ya Karisimbi, alianzisha kituo cha watoto yatima kilichoitwa Imbabazi. Baadaye, kwa sababu ya hali ya usalama, kituo kilihamishiwa Gisenyi. Mwaka 2000 mpigapicha David Jiranek, naye Mmarekani, aliwapa watoto wa kituo hicho kamera za kutumia mara moja, zile za karatasi na plastiki, wapige wenyewe watakacho. Wakapigana picha wao kwa wao, wakapiga jirani, jikoni, barabara na ziwa. Mwaka uliofuata picha zao zilionyeshwa Kigali kwa mwaliko wa Ubalozi wa Marekani, na fedha zilizopatikana zikaenda katika masomo yao. Mwaka huo huo wa 2001 watoto hao walipata tuzo ya kwanza ya picha za sura za watu katika mashindano ya jarida la Camera Arts la Marekani. Jiranek alifariki mwaka 2003, lakini wenziwe waliendeleza kazi ile.

Sasa kamera ile ya mtoto wa Imbabazi ilikuwa na nini? Haikuwa na kitu. Lenzi yake haivuti, tundu lake halipanuki wala kusinyaa, na kamera za aina hiyo aghalabu hupiga picha 27 tu, kisha basi. Mtoto alipotaka uso mkubwa zaidi, hakuwa na kifungo cha kuvuta: alipiga hatua mbili mbele. Alipokuwa amebakiwa na picha nne, alifikiri kabla ya kubonyeza. Haya mawili, kusogea na kufikiri, ndiyo ambayo kamera ya dijitali humsahaulisha mwenyewe, maana inavuta mbali na haimalizi mkanda.

Kwa hiyo liko zoezi ambalo mwanafunzi angeweza kulifanya kwa mwezi mmjoa mzima bila kutumia senti. Achague jumamosi moja, aweke lenzi mahali pamoja bila kuivuta, ajiwekee picha 27 na asizidishe, tena asitazame kioo cha nyuma mpaka jioni. Awapige watu wa nyumbani tu. Jioni achague tatu. Picha 24 zilizobaki ndizo mwalimu wake, kwa sharti aulize kila moja imeharibikia wapi.

Yafaa pia kuijua mashine yenyewe. Ndani ya kamera ya aina ya SLR mna kioo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Kioo hicho hurusha taswira juu mpaka machoni pa mpigapicha, hata akaona kile kile ambacho lenzi inaona. Akibonyeza, kioo huinuka, pazia hufunguka kwa nukta ndogo, na mwanga huangukia kile kipande kilichoshika nafasi ya filamu. Siku hizi makampuni makubwa kama Canon na Nikon yamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na kwa sababu hiyo kamera za SLR zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu kuliko zamani. Anayenunua ya mkononi na aiinue lenzi kwenye mwanga na kuchungulia ndani: akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, aiache. Rubavu ni nchi ya mvua, na kuvu ya lenzi hustawi palipo na unyevu na giza. Kamera isifungiwe kabatini masika yote.

Mambo yanayotawala mwanga ni matatu: upana wa tundu la lenzi, muda wa pazia kufunguka, na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Namba za tundu huwachanganya wengi, kwa kuwa namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 ambayo huuzwa pamoja na kamera, ikivutwa mpaka mwisho, hufika f/5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida huwa miongoni mwa zilizo rahisi, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Ni tofauti kubwa kwa nyumba yenye dirisha moja. Mwenye kuweza kununua lenzi ya pili baada ya ile ya kwanza na anunue hii, aachane na lenzi ndefu za kupigia ndege.

Ndani ya nyumba, mtu akalishwe karibu na mlango au dirisha, uso ukielekea nje, naye mpigapicha asimame upande. Tundu liwe f/2 au f/2.8, ISO ifike 800 au hata 1600, na muda wa pazia usizidi sehemu ya 1/100 ya sekunde, isije mikono ikatikisa picha. Kwa mtoto, ambaye hatulii, ni 1/250. Picha ikitoka na chengachenga kidogo si neno. Picha yenye chengachenga hutazamika, iliyotikisika haitazamiki. Taa ya kamera yenyewe, ile irukayo juu kama kofia, ni heri iachwe imelala: huubandika uso ukutani na kumtia mtoto mchanga hofu.

Nje ya nyumba tatizo hugeuka. Mizani ya mwanga iliyomo katika kamera hudhani kwamba kila inachokitazama kina mng'ao wa wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe la mawingu, mizani huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukawa kivuli. Hilo si kosa la uso. Kwa miaka mingi hata filamu za rangi na mashine za kuzisafishia zilipimwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, ndiyo maana katika picha nyingi za zamani wazee wameonekana meno na macho tu. Dawa ni kuiamuru kamera iongeze mwanga hatua moja, kwa kifungo chenye alama za kujumlisha na kutoa, au kumhamisha mtu asimame mbele ya migomba. Saa nzuri ni mapema asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Lakini Kanama iko karibu sana na Ikweta: jua huchwa kiasi cha saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mwanga ule laini wa jioni hausubiri chai iishe.

Msomaji aliye askari, au aliye na askari nyumbani, ana mambo yake ya kuangalia. Kambi, lindo, magari ya kikosi na vituo vya mpakani si vitu vya kufanyia mazoezi, na Gisenyi ni mji wa mpakani, umegusana na Goma. Hata picha ya baba aliyevaa sare, akiwa uani kwake, na itazamwe nyuma yake kuna nini kabla ya kutumwa popote. Baadhi ya kamera na simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigiwa, na alama hiyo huzimika kwa kuingia katika mipangilio. Jirani naye huombwa ruhusa kwanza. Mtoto wa mtu hapigwi picha kwa sababu tu anacheza njiani.

Kwa upande mwingine, hakuna nyumba zinazoihitaji kamera kama hizo. Tangu Julai 2021 wanajeshi na polisi wa Rwanda walipopelekwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, na kabla ya hapo Sudani Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, wako akina baba na akina mama walioacha mtoto anatambaa wakamkuta anakimbia. Picha moja kwa mwezi, mtoto amesimama kwenye kizingiti kile kile cha mlango, kwa lenzi ile ile na umbali ule ule, humwonyesha aliye mbali jinsi mtoto anavyopanda. Tena ni zoezi zuri kwa mwanafunzi, kwani kila mwezi mwanga una tabia yake.

Picha hizo zisiishie ndani ya kadi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na Sebeya ikafurika, ikaingia majumbani mwa watu wa Rubavu na matope yake. Maji ya namna hiyo hayachagui baina ya godoro, kompyuta na picha iliyo ukutani. Basi zile tatu zilizochaguliwa Jumamosi zinakiliwe mahali pawili, kisha zipelekwe studio kusafishwa nakala mbili: moja ibaki nyumbani, ya pili ikae kwa ndugu anayeishi mlimani, mbali na mto. Nyuma ya kila moja yaandikwe majina yote ya waliomo, mahali na tarehe, kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kutokea usoni.