Nyarero na hesabu ya masasisho ya kompyuta

KOMPYUTA yenye mfumo endeshi wa Windows 10 iliyowashwa asubuhi ya Oktoba 15, 2025 iliwaka kama ilivyowaka jana yake. Mafaili yalikuwa mahali pake, printa ilichapa, na mtumiaji hakuona tofauti yoyote.

Hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa limetokea. Siku iliyotangulia, Oktoba 14, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo, uliotolewa mwaka 2015. Kuanzia hapo, tundu lolote jipya la kiusalama litakalogunduliwa halitazibwa bure, isipokuwa kwa walioingia katika mpango maalumu wa nyongeza.

Kwa benki yenye wataalamu wake Dar es Salaam, hilo ni suala la mpango kazi na bajeti. Kwa kata ya vijijini kama Nyarero, wilayani Tarime mkoani Mara, jirani na Wilaya ya Serengeti, ni suala la nani atafanya kazi hiyo, kwa bando la nani na kwa umeme upi.

Ni dhahiri kwamba mjadala wa TEHAMA nchini umeelemea mno kwenye idadi ya kompyuta zinazogawiwa. Hafla za makabidhiano huhesabu maboksi. Ni nadra kuhesabiwa mwezi wa kumi na tatu, pale kompyuta zile zile zinapohitaji kutunzwa.

Madhara ya kupuuza jambo hili si ya kufikirika. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya tundu moja la kiusalama katika mifumo yake. Siku 59 baadaye, Mei 12, kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo na kuingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150.

Huduma ya afya ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa waathirika wakubwa, na maelfu ya miadi ya wagonjwa iliahirishwa. Dawa ilikuwapo kwa takriban miezi miwili. Kilichokosekana ni mtu wa kuipeleka kwenye kila kompyuta.

Tanzania nayo imekwishahamishia shughuli nyingi za umma kwenye mtandao. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulianza kutumika mwaka 2023, na hospitali na vituo vya afya hutumia mfumo wa GoT-HOMIS. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kompyuta isiyosasishwa ni mlango ulioachwa wazi katika nyumba ambayo sheria imeagiza ifungwe.

Swali basi ni namna gani kazi hiyo ifanyike kwa ufanisi pale penye kompyuta nyingi, mtandao mwembamba na mtaalamu mmoja, au asiyekuwapo kabisa.

Chukulia shule ya sekondari yenye kompyuta 20 katika mazingira ya Nyarero. Toleo jipya la mfumo endeshi lina ukubwa wa takriban gigabaiti 5. Kila kompyuta ikijipakulia yenyewe, shule itahitaji gigabaiti 100. Kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde usiokatika hata dakika moja, kazi hiyo itachukua zaidi ya saa 44.

Mzigo huo huo ukipakuliwa mara moja tu, itachukua saa mbili na robo hivi. Tofauti kati ya saa 44 na saa mbili ndiyo kiini cha suala zima.

Njia ya kwanza ya kuipata tofauti hiyo ni nyepesi. Windows 10 na Windows 11 zina utaratibu unaoziwezesha kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kugawana kile ambacho mojawapo imekwishapakua. Lakini utaratibu huo una masharti: kompyuta ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja na ziwe zimeunganishwa pamoja. Mahali ambapo kila mwalimu hutumia simu yake kama modemu, kugawana huko hakuwezekani.

Njia ya pili ni kupakua toleo zima mjini, ambako mtandao ni imara zaidi, kuliweka kwenye flashi na kulisimika kwenye kompyuta moja baada ya nyingine bila kutegemea intaneti. Microsoft hutoa bure programu ya kutengenezea flashi hiyo, na ina ghala la mtandaoni ambamo masasisho ya kila mwezi hupakuliwa moja moja. Fundi mwenye flashi nne anaweza kuhudumia kompyuta nne kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu huwafaa wenye kompyuta za aina moja, kama zile zinazotolewa kwa mafungu. Kompyuta moja huandaliwa kikamilifu, kisha hutengenezwa nakala mama inayonakiliwa kwenye nyingine zote. Programu huria ya Clonezilla hufanya kazi hiyo bila malipo. Kinachotakiwa ni kuondoa kwanza utambulisho wa kipekee wa kompyuta ile ya awali, na kuhifadhi pembeni kazi za watumiaji, kwa sababu kunakili huko hufuta kila kilichokuwamo.

Kwa ngazi ya halmashauri ipo njia ya nne, ya kuwa na seva inayopokea masasisho na kuyagawa. Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitaendeleza tena programu yake ya zamani ya kazi hiyo, WSUS, ingawa haikuizima. Anayepanga kuanza upya leo hana budi kulizingatia hilo kabla ya kununua vifaa.

Yapo pia mambo madogo yanayookoa bando. Masasisho ya usalama ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, nayo ni limbikizi. Sasisho la karibuni hubeba ndani yake yale yaliyotangulia. Chumba cha kompyuta kilichofungwa miezi sita hakihitaji kupakua masasisho sita. Moja la mwisho linatosha, alimradi toleo la mfumo bado linahudumiwa.

Aidha, vyumba vingi vya kompyuta za umma huwekewa programu inayorudisha kila kompyuta katika hali ya awali inapowashwa upya, ili kuzuia uharibifu. Programu hiyo isiposimamishwa kwanza, sasisho lililosimikwa mchana hufutika jioni, na kesho kompyuta hupakua mzigo ule ule tena. Bando huisha na kazi haionekani.

Haraka nayo ina hasara zake. Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwamo za mashirika ya ndege na hospitali. Kompyuta nyingi zililazimika kuguswa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo utaratibu salama ni wa awamu. Sasisho lijaribiwe kwenye kompyuta moja, liangaliwe siku kadhaa, lipelekwe kwenye chache, ndipo lifike kwenye zote. Kosa lililonaswa kwenye kompyuta moja ya maabara hugharimu mchana mmoja. Likifika kwenye kompyuta 20, fundi huitwa kutoka mjini.

Umeme nao haupaswi kusahaulika. Ukanda wa Ziwa Victoria unajulikana kwa radi, na umeme ukikatika katikati ya usimikaji mfumo unaweza kushindwa kuwaka tena. Kompyuta mpakato zifanyiwe kazi hiyo zikiwa na chaji, na za mezani zifanyiwe zikiwa kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme. Kazi yenyewe ifanyike wakati wa likizo na si wiki ya mitihani.

Likabaki suala gumu zaidi la kompyuta zisizoweza kuhama. Windows 11 inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya kizazi cha karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti hayo, hata kama bado zinafanya kazi vizuri.

Kwa hizo, Microsoft iliweka mpango wa kulipia masasisho ya usalama kwa hadi miaka mitatu. Bei iliyotangazwa kwa biashara na mashirika ni dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka. Kwa taasisi za elimu zinazonunua kwa leseni za elimu, ni dola 1, kisha 2, kisha 4.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kwa kompyuta 20 na miaka mitatu, shule yenye leseni ya elimu italipa dola 140. Shirika lenye idadi hiyo hiyo litalipa dola 8,540. Shule ambayo kompyuta zake zina mfumo wa wizi, au zilisajiliwa kwa jina la mfadhili, inaweza kujikuta nje ya mlango wa bei nafuu kwa sababu tu nyaraka za leseni hazikukabidhiwa pamoja na maboksi.

Njia mbadala ni mifumo huria. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hupewa masasisho ya bure kwa miaka mitano, na hufanya kazi kwenye kompyuta nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Wazo hilo si geni nchini, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Gharama yake iko kwenye mafunzo, kwa kuwa mwalimu aliyezoea Windows hawezi kuachiwa mfumo mpya Ijumaa na kutakiwa kuufundisha Jumatatu.

Fedha za kuanzia hazihitaji kutafutwa mbali. Tarime ni wilaya ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao Serikali inamiliki asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanawataka wenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika.

Mpango wa namna hiyo unaweza kununua kompyuta mpya, nazo zikapigwa picha. Unaweza pia kulipia flashi, vifaa vya kuhifadhi umeme, nauli ya ofisa TEHAMA wa halmashauri na siku mbili za kazi katika kila shule, mara mbili kwa mwaka. La pili halivutii kamera, lakini ndilo linaloamua kama mwanafunzi wa kata kama Nyarero atakuta kompyuta inayofanya kazi au boksi lililofunikwa kitambaa.

Hatua ya kwanza haihitaji hata mgodi. Ni daftari lenye orodha ya kompyuta zote za kata, likionyesha umri wa kila moja, toleo la mfumo wake, kumbukumbu, leseni na tarehe ya sasisho la mwisho. Bila orodha hiyo hakuna anayejua zipi zihamishwe, zipi zilipiwe na zipi zipewe mfumo huria, na mipango yote hubaki ya kubahatisha.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa shule yenye leseni zake, ufa wa sasa una bei ya dola 1 kwa kompyuta na saa mbili za kupakua. Bei ya ukuta itajulikana siku matokeo ya wanafunzi au kumbukumbu za wagonjwa zitakapokuwa zimefungwa na mtu asiyejulikana, naye akidai malipo ili azifungue.